Maji Yaliyokwisha Kutumika Nyumbani: Yapi Yarudi Kazini, Yapi Yamwagwe

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani, ninaishi Mikindani, Mtwara. Mvua za msimu uliopita zilikatika mapema, na sasa bomba letu linatoa maji mara moja kwa wiki, ikizidi sana mara mbili. Kisima cha jirani kipo, lakini maji yake yana chumvi. Tuko saba nyumbani, pamoja na mama mkwe wangu na mtoto mchanga. Nina bustani ndogo ya mchicha, mipapai mitatu, migomba na minazi miwili. Jirani mmoja ananiambia maji ya sabuni yanaua mimea, na mwingine anasema yeye humwagilia kila siku na mimea yake inastawi. Naomba unieleze ni maji gani ya nyumbani yanafaa kutumika tena na ni yapi ya hatari, na nifanye nini ili kiangazi kijacho kisinikute hivi tena.

Jibu: Marahaba, mama, na ahsante kwa kunieleza hali ya nyumba yako kwa ukamilifu, kwa sababu jibu la swali kama hili hutegemea sana nani anaishi ndani ya nyumba na nini kimepandwa nje yake. Majirani zako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameacha kutaja mambo mawili: ni maji ya sabuni gani, na yamemwagiwa mmea gani. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho, yakimwagwa kwenye shina la mgomba, hayana madhara na yanauokoa mgomba huo. Maji mazito ya sabuni ya unga, yakimwagwa kila jioni kwenye tuta lile lile la mchicha, yanaweza kuuchoma mchicha wote.

Kanuni ninayoomba uishike ni moja, na mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana nayo: maji ya nyumbani yashuke ngazi, yasipande. Maana yake ni kwamba maji yaliyokwisha kufanya kazi inayohitaji usafi mkubwa yanaweza kupewa kazi inayohitaji usafi mdogo, kisha nyingine ya chini zaidi, mpaka yaishie ardhini au chooni. Lakini yakishashuka hayarudishwi juu hata yakionekana meupe. Maji ya kuoshea mchele yanaweza kunyweshwa kuku. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kudeki sakafu, na yaliyodeki sakafu yanaweza kumwagwa chooni. Maji ya kuogea hayaoshi sahani, na maji ya kudeki hayarudi kwenye nguo. Nyumba ikizoea mpangilio huo, kila ndoo inayoingia mlangoni hufanya kazi mbili au tatu kabla ya kutoka, na hapo ndipo maji yanapookolewa kwa wingi kuliko katika kujinyima.

Nasema hivyo kwa sababu ya hesabu. Shirika la Afya Duniani hutaja takriban lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kinachotosha kunywa, kupika na kunawa, na takriban lita 50 kuwa kiwango ambacho kufua na kuoga vizuri navyo vinawezekana. Kwa watu saba, kiwango cha chini ni lita 140, yaani ndoo saba za lita 20, na kiwango cha pili ni lita 350. Katika hizo, kunywa na kupika kwa nyumba nzima hakuzidi sana ndoo mbili kwa siku. Kinachobaki chote kinakwenda kwenye kufua, kuoga, vyombo na choo. Kwa hiyo anayebana maji kwa kuwapunguzia watoto ya kunywa, au kwa kuacha kunawa mikono baada ya kutoka chooni, anabana mahali pasipo na kitu cha kubana, na ugonjwa wa kuhara utakaofuata utamdai maji mengi kuliko aliyoyaokoa. Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha akiba unayoihitaji: bomba likitoa mara moja kwa wiki, lita 140 kwa siku ni lita 980 kwa siku saba, yaani simtanki moja ya lita 1,000, au mapipa matano ya lita 200. Ukiwa na vyombo vya kuhifadhi nusu ya hapo, basi nusu nyingine itabidi itokane na maji yanayorudi kazini na maji ya kisima cha jirani.

Kabla sijafika kwenye kufua, lipo jambo la jikoni ambalo sitaki kabisa libanwe, na kwa watu wa Kusini nalitaja kwa msisitizo. Ni mihogo michungu. Ukame huongeza sumu ya sianidi ndani ya muhogo wenyewe, na wakati huo huo uhaba wa chakula na wa maji huwafanya watu wafupishe siku za kuloweka na kuanika. Mambo hayo mawili yakikutana ndipo unapotokea ugonjwa wa konzo, ambao hulemaza miguu ghafla na haurudi nyuma, na ambao huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ugonjwa huo umewahi kuripotiwa hapa mkoani Mtwara, kwa hiyo siwaelezi habari za mbali. Kama maji ya kuloweka hayapo, ipo njia inayotumia maji kidogo sana: twanga au saga makopa yaliyokauka, changanya unga na maji mpaka ulowane wote, utandaze kwenye sinia kubwa kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache kivulini kwa saa tano au juani kwa saa mbili ili sumu itoke hewani, kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Maji yaliyolowekewa mihogo michungu nayo yasipewe mbuzi wala kuku, na yasiachwe kwenye chombo kilicho wazi ambacho mifugo inaweza kukifikia.

Sasa kufua, kwa sababu katika nyumba ya watu saba yenye mtoto mchanga kufua ndiko kunakokula maji kuliko kazi nyingine yoyote. Wengi hujaza mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuza mara ya kwanza na la kusuuza mara ya pili, kisha fungu la kwanza la nguo likiisha humwaga yote matatu na kujaza upya. Kwa mafungu matatu ya nguo hayo ni mabeseni tisa. Badala yake, gawa nguo kabla hujaanza, zisizochafuka sana na nyeupe zitangulie, za shamba na za watoto wakubwa zifuate, na za kazi chafu ziwe za mwisho. Fungu la kwanza likiisha, mwaga beseni la sabuni peke yake. Beseni la suuza ya kwanza liongeze sabuni kidogo liwe la kufulia fungu la pili, beseni la suuza ya pili liwe la kusuuzia kwanza, na jaza beseni moja tu jipya la kumalizia. Fungu la tatu nalo lifuate mtindo huo huo. Mabeseni tisa yamekuwa matano, na kama beseni lako linachukua lita 15, umeokoa lita 60, ambazo ni ndoo tatu kwa kufua kwa siku moja. Sabuni nayo imepungua, na jambo hilo lina faida mara mbili, kwa sababu kadiri sabuni inavyopungua ndivyo suuza inavyohitaji maji machache na ndivyo maji yanayotoka yanavyoifaa bustani.

Katika mabeseni hayo matano, matatu yaliyofuliwa kwa sabuni yapeleke kudeki na chooni. Mawili ya mwisho, ambayo yamesuuza tu, ndiyo ya miti yako. Hapo tunaingia kwenye hoja ya majirani.

Sabuni hudhuru mimea kwa sababu ya chumvi zilizomo ndani yake, hasa za sodiamu. Sabuni za unga huwa na chumvi nyingi zaidi kuliko sabuni za mche, na baadhi yake zina boroni, madini ambayo mmea huyahitaji kwa kiasi kidogo mno na hudhurika yakizidi. Wakati wa masika mvua huzisukuma chumvi hizo chini kupita mizizi, na udongo wetu wa kichanga wa pwani husaidia sana katika hilo. Wakati wa kiangazi hakuna kinachozisukuma: maji hukauka, chumvi hubaki, na kila ndoo mpya huongeza juu ya ile ya jana. Dalili zake utaziona kwa macho. Ncha na kingo za majani hukauka kama zilizopitiwa na moto ilhali udongo bado una unyevu, na juu ya udongo hutokea utandu mweupe. Ukiziona, acha mmea huo kwa maji ya sabuni mpaka mvua ije, na kama unaweza, upe ndoo moja ya maji safi ili uoshe mizizi yake.

Minazi yako itavumilia kuliko mimea mingine yote uliyoitaja, kwa kuwa mnazi umezoea chumvi ya pwani. Migomba inakunywa maji mengi na inayafaidi maji ya suuza na ya kuogea. Mipapai nayo inafaa, ila haipendi maji yasimame kwenye shina, kwa sababu shina lake huoza upesi. Kwa yote hiyo, chimba mfereji wa mviringo kuuzunguka mti, hatua moja hivi kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 20 hadi 30, kisha ujaze makumbi ya nazi na majani makavu. Makumbi hunyonya maji na kuyaachia taratibu, huzuia jua lisiyakaushe, na huwanyima mbu dimbwi la kuzalia. Mwaga maji ndani ya makumbi hayo, si juu ya majani ya mti, na zungusha zamu ili mti mmoja usipokee maji ya sabuni kila siku. Mashimo hayo yawe mbali na kisima cha jirani, umbali wa mita 30 kama tunavyoshauri kwa vyoo, maana mchanga hupitisha maji upesi.

Mchicha uupe maji mengine. Ni mboga ya majani, inakua karibu na ardhi, na maji yoyote yenye uchafu wa mwili yatarukia kwenye kile utakachokichuma kesho kutwa. Uwekee maji yasiyo na sabuni: ya kuoshea mchele na mboga, ya kusuuzia glasi na birika, na ya udhu. Yasiwe yale yaliyochemshiwa vyakula kwa chumvi. Na kama maji hayo hayatoshi tuta zima, ningekushauri upunguze tuta libaki nusu na kulifunika kwa nyasi kavu, kuliko kulimwagilia lote kwa maji yatakayoliharibu.

Kuhusu udhu, ikiwa nyumba yenu ni ya Kiislamu kama zilivyo nyingi za Mikindani, hapo pana hazina ambayo haijatumika. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Bomba lililoachwa wazi kwa muda wa udhu mmoja hutoa mara nyingi ya hapo, na watu wazima wanne kwa sala tano ni udhu ishirini kwa siku. Tumieni birika au kata badala ya bomba, na wekeni beseni chini. Maji yanayokusanyika humo hayana sabuni wala mafuta, na kwa mchicha hakuna maji yaliyokwisha kutumika yaliyo bora kuliko hayo.

Kuoga kwa ndoo na kopo tayari ni kuoga kwa akiba, kwani bomba la mvua la bafuni humwaga lita nane au kumi kwa dakika moja. Watoto waogee ndani ya karai pana ili maji yakingwe. Maji ya kuogea yana sabuni kidogo na yanafaa kwa migomba, lakini yatumike siku hiyo hiyo. Hili ni sharti kwa maji yote yaliyotumika: yasilale zaidi ya siku moja, maana vijidudu huzaliana ndani yake haraka, na ndoo iliyokuwa ya maji ya kuogea asubuhi huwa ni maji machafu yenye harufu kesho yake.

Yapo maji ambayo hayana kazi ya pili, na naomba yamwagwe chooni moja kwa moja bila huruma. La kwanza ni maji yaliyofuliwa nepi za mtoto au nguo za mgonjwa wa kuhara. Kinyesi cha mtoto anayenyonya hubeba vijidudu kama cha mtu mzima, na imani kwamba hakina madhara imewaumiza watoto wengi. La pili ni maji yaliyooshewa kuku aliyechinjwa au nyama mbichi. La tatu ni maji yenye dawa za kung'arisha nguo, rangi, mafuta ya taa au dawa za mashambani, yakiwemo yaliyofuliwa nguo za kupulizia mikorosho. Hayo ya mwisho hata kwenye shimo la mti yasifike. Maji ya kuoshea samaki, kwa kuwa tuko pwani na yanapatikana kila siku, yanaweza kwenda kwenye mgomba mkubwa, ila yafukiwe kwa udongo mara moja ili nzi, paka na mbwa wasiyafuate.

Choo chenu sikijui ni cha aina gani, kwa hiyo nitagusa zote mbili. Choo cha kumwagia kwa ndoo kinahitaji lita mbili au tatu tu zikimwagwa kwa nguvu mara moja, na maji ya sabuni ya kufulia yanatosha kabisa. Choo cha kuvuta chenye tangi la zamani kinaweza kumeza lita tisa au zaidi kila kinapovutwa. Kipindi hiki funga koki yake na umwagie kwa ndoo. Usijaze maji ya sabuni kwenye tangi lake la juu, kwa sababu nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni huharibu mpira wake, kisha tangi huanza kuvuja kimya kimya, na hasara inakuwa kubwa kuliko akiba.

Nikizungumzia kuvuja, wakati wa mgao maji mengi hupotea usiku. Mtu hufungua bomba mchana likawa kavu, akasahau kulifunga, na maji yakija saa nane za usiku yanamwagika mpaka alfajiri. Mpe mtu mmoja wa nyumbani jukumu la kuhakikisha kila koki imefungwa kabla ya kulala, na tangi liwe na boya linalofunga lenyewe likijaa. Bomba linalodondosha likingie ndoo usiku mmoja, nawe asubuhi utaona kwa macho yako kama inafaa kumwita fundi.

Kisima cha jirani kina thamani kubwa, mradi kipangiwe kazi yake. Maji ya chumvi yanafaa chooni, kudeki, kuoshea samaki mara ya kwanza na kusugulia miguu ya watoto waliotoka kucheza. Kwa kufulia ni ya hasara, kwa kuwa sabuni haitoi povu upesi, mtu huongeza sabuni, na mwishowe husuuza mara nyingi zaidi. Kwa mchicha na mipapai hayafai. Kwa minazi yanafaa kiasi. Yasitumike kumtengenezea mtoto mchanga kinywaji chochote. Na mwambie jirani yako, kwa heshima, asiweke pampu yenye nguvu kwenye kisima hicho. Katika ardhi ya pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake, na kina cha maji matamu kikishushwa kwa kuvuta mengi kwa mara moja, maji ya bahari hupanda kuchukua nafasi. Kisima kinachotekwa kidogo kidogo kwa ndoo, asubuhi na jioni, hubaki na ladha yake; kinachokaushwa kwa saa moja huzidi kuwa na chumvi, na kurudi kwake kunaweza kuchukua misimu kadhaa ya mvua.

Sasa vyombo vya kuhifadhia, ambapo uzoefu wa mkoa wetu umeingia hata kwenye historia ya utabibu duniani. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko ulioanza mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, Newala. Uwanda ule hauna mito wala chemchemi juu yake, kwa hiyo watu walilazimika kuweka maji ndani ya nyumba kwa muda mrefu, na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na ambaye pia hueneza homa ya dengi, alizaliana ndani ya vyombo hivyo hivyo vya maji. Hali hiyo inaweza kujirudia katika nyumba yoyote inayoweka mapipa kwa sababu ya mgao. Mbu huyo huchukua wiki moja hadi siku kumi kutoka yai mpaka kuruka, na mayai yake hugandamana ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, yakivumilia ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kila pipa lifunikwe kwa kifuniko kinachobana au kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa kamba, na kila wiki, siku ambayo maji ya bomba yanakuja na pipa limebaki tupu, lisuguliwe kuta zake kwa brashi kabla ya kujazwa. Kumwaga na kusuuza tu hakuondoi mayai.

Angalia pia chombo kilitoka wapi. Madumu ya mafuta ya kula yakioshwa vizuri ni salama. Madumu ya viuatilifu vya mikorosho hayawi salama hata yakioshwa kwa maji ya moto na majivu, kwa sababu sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe. Yatobolewe ili asije mtu mwingine akayaokota.

Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chake peke yake, chenye mdomo mwembamba au chenye koki, ili mkono wa mtu usiingie. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika nzima, au yatibu kwa vidonge vya klorini kama maelekezo yanavyosema na kusubiri nusu saa. Kama maji yana tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa na uyaache yatulie, maana klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Mbegu za mlonge zilizotwangwa na kukorogwa ndani ya maji husaidia tope kushuka upesi, na mlonge unapatikana kwa urahisi Lindi na Mtwara, lakini mbegu hizo hazitoshi kuua vijidudu. Baada yake bado utachemsha.

Nimalizie na swali lako la mwakani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kwa hiyo nyumba ya Mikindani inahitaji akiba ya miezi sita mfululizo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Hata mwaka mbaya wenye milimita 600 tu, na tukitoa moja ya tano kwa kinachorukia pembeni na kukaukia batini, paa hilo litakupa zaidi ya lita 23,000. Mwaka wa kawaida Mtwara hupata mvua nyingi kuliko hiyo. Shida kubwa ya nyumba zetu iko kwenye mahali pa kuyaweka maji hayo. Kunywa na kupika kwa watu saba, lita 42 kwa siku kwa siku 180, ni lita 7,560. Wenzetu wa Newala na Tandahimba walilijua hilo zamani, na nyumba nyingi huko zina tangi lililochimbwa ardhini na kusakafiwa kwa saruji, linalopokea maji ya paa lote. Ni kazi ya gharama, lakini akina mama wanaocheza upatu au walio katika vikoba wanaweza kujenga nyumba kwa nyumba kwa zamu. Likijengwa lisafishwe kabla ya mvua linapokuwa tupu, na asiingizwe mtoto peke yake, wala isiwashwe pampu ya petroli ndani yake, kwa sababu hewa ya humo inaweza kumwangusha mtu. Kama paa lako ni la makuti, maji yake yatakuwa ya kahawia na yatafaa kufulia nguo za rangi na kumwagilia, si kunywa.

Maji ya mvua za kwanza yasiingie tangini. Kuanzia kiangazi kinapoingia mikorosho hupuliziwa salfa ya unga, na pamoja na vumbi na vinyesi vya ndege hutua juu ya mabati yetu miezi yote hiyo. Lita 50 hadi 100 za mwanzo wa mvua, kwa paa kama hilo, zielekeze nje kwa kuusogeza mpira wa mfereji pembeni, na uzitumie kudeki. Ukiona yanayotoka yamekuwa meupe, rudisha mpira. Fanya hivyo tena kila mvua inapokuwa imepumzika kwa wiki mbili au zaidi.

Na ikiwa mwaka huu fedha zinatosha simtanki moja tu ya lita 1,000, inunue hiyo hiyo kabla ya Novemba, iwe ya rangi nyeusi ili mwani usiote, na uiweke juu ya msingi imara upande wa paa unaomwaga maji mengi. Msimu wote wa mvua itumie na kuijaza tena. Mvua za mwisho za Aprili zikikujazia, funga koki yake, mwambie kila mtu nyumbani kwamba hiyo haiguswi, na uifungue pale mgao utakapokaza: kwa kunywa peke yake, lita tatu kwa kila mtu, itawatosha watu saba kwa siku 47.